Uso wa Lukas Akiwa Anakwenda

Vijana wa studio mmeniuliza mara nyingi kuhusu picha ya pikipiki iliyo ukutani, juu ya meza ya kukatia karatasi. Mwendeshaji ameinama, midomo ameifunga, na miti nyuma yake imeyeyuka kama uji. Kila aliyekuja kujifunza kazi hapa ameisifu, nami nimekuwa nikijibu "asante" na kuendelea na shughuli zangu. Sasa nimestaafu, sina shughuli ya kuendelea nayo, kwa hiyo nitajibu vizuri. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vilikuja kwa sababu walionitangulia walihama au walichoka, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaeleza jinsi nilivyojifunza kupiga picha kitu kisichotaka kusimama.

Nilizaliwa chini ya mlima wa Mbeya, kwa Wasafwa. Shule niliiacha mapema, si kwamba masomo yalinishinda, ila dirisha la darasa lilitazama barabara. Nikachimba dhahabu Chunya bila kuiona sana, nikachuma chai Mufindi, nikachunga ng'ombe wa mtu kule Usangu, nikawapikia wamishenari kwa muda mfupi, mpaka walipoonja. Kazi hizo zote niliziacha mwenyewe, isipokuwa hiyo ya mwisho. Sikuwa mvivu. Nilikuwa nikishajua kitu kinavyofanyika, miguu inaniwasha.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa taniboi wa lori lililopanda na kushuka kati ya Mbeya na Chunya. Asubuhi moja askari walitusimamisha mlimani, kwenye kona kali, tukaambiwa tushuke na tukae juu ya ukingo. Walowezi walikuwa wanashindana kupandisha magari mlima ule. Tulikaa na abiria wetu na watu wa vijiji vya jirani, tukitafuna mahindi ya kuchoma.

Ulianza mlio. Ulikuwa mbali, chini bondeni, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Ukapanda, ukapotea nyuma ya mlima, ukarudi mkubwa zaidi, na ardhi niliyokalia ikaanza kunitetemesha. Halafu kitu kikapita. Kokoto zilitupiga miguuni, vumbi likasimama kama ukuta, na mlio ulikuwa tayari uko juu yetu, unakwenda zake.

"Umeona?" akaniuliza dereva wangu, Mzee Mwakyusa.

"Nimeona."

"Lilikuwa na watu wangapi?"

"Mmoja."

"Wawili," akasema mama mmoja aliyebeba kuku.

"Rangi gani?"

Hapo tukaanza kubishana. Mmoja alisema jekundu, mwingine akaapa ni la kijani. Mama wa kuku alisema dereva alikuwa na ndevu. Tulikuwa watu wengi kwenye kona moja, na kila mmoja alikuwa ameona gari lake. Wenzangu walicheka, lakini mimi niliingiwa na kitu kama baridi. Jambo kubwa namna ile lilikuwa limepita mbele ya macho yangu mazima, macho yakashindwa kulishika. Kando yetu alisimama mpigapicha wa Kizungu na kisanduku chake. Nikamuuliza kama amelipata. Akasema, kwa Kiswahili chake cha shamba, tutajua picha ikisafishwa. Nilikitazama kile kisanduku kwa heshima ambayo sikuwahi kukipa kitu chochote kanisani, Mungu anisamehe. Huenda ndani mle gari lilikuwa limesimama, limetulia, mtu anaweza kuhesabu watu wake.

Mwezi huohuo niliomba lifti ya kwenda Iringa, kwa sababu nilisikia kuna studio ya mtu mweusi mwenzetu.

Mwenyewe aliitwa Fundi Kihwele. Alikuwa Mhehe mrefu aliyerudi kutoka vita vya Burma, ambako alimbebea mzigo mpigapicha wa jeshi mpaka akajua kazi kumzidi. Alikuwa anaongea kidogo na kutabasamu kidogo zaidi.

"Unajua nini?" akaniuliza.

"Sijui chochote, fundi."

"Vizuri. Aliyekutangulia alijua kila kitu. Kumsahaulisha kulinichosha."

Siku za kwanza niliosha picha. Maji ya Iringa mwezi wa saba si ya kuoshea kitu chochote mtu anachokipenda, vidole vikiwemo. Nilijifunza sheria za studio, na sheria kubwa ilikuwa miguu. Mteja wa kwetu alitaka aonekane mzima, kuanzia kofia hadi viatu, na viatu vyote viwili. Ukimkata mguu, hata kidole, alirudi na ndugu zake. Mzee mmoja wa Kalenga aliwahi kuishika picha yake na kuuliza kwa upole kama miguu yake imebaki ndani ya mashine, na kama imebaki, ataifuata lini. Kwa hiyo tulisema "tulia", tulisema "usipumue", na watu walisimama wima kama miti ya mkaratusi. Kila picha iliyotoka pale ilikuwa ya mtu asiyekwenda popote.

Mimi nilitaka wanaokwenda. Nilimsumbua Fundi Kihwele mpaka akanikubalia, siku ya mashindano kwenye uwanja wa ndege wa nyasi, nje ya mji. Walowezi walipanga mapipa mwanzo na mwisho wa uwanja, magari yakayazunguka kwanza, kisha pikipiki. Kamba iligawa watazamaji. Wao walikaa upande ambao upepo hauleti vumbi, na walikuwa na viti. Sisi tulipewa upande wa vumbi, kwenye kona ya mapipa. Hawakujua walichotupa. Pikipiki ikilala kwenye kona ndipo unapoiona kazi ya mtu, na vumbi ndilo linaloonyesha mwendo. Waliokaa kwenye viti waliona chuma kikipita tu.

Fundi alinikabidhi kamera ya macho mawili: jicho la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Unaiegemeza tumboni na kutazama kioo chake kutoka juu, na katika kioo hicho kulia huwa kushoto. Kwa bibi harusi haina shida. Kwa pikipiki, kila nilipoiona inakimbilia kulia nilijipinda upande huo, yenyewe ikaenda zake kushoto na kuniacha nimeinama kama mtu aliyedondosha kitu.

Nikagundua kwamba kifuniko cha juu kinafunguka kuwa dirisha wazi, ukiinua kamera usoni unatazama moja kwa moja. Hapo nikajiona nimefika. Utotoni nililinda ulezi wetu dhidi ya ndege kwa kombeo, na wengi wenu hamjui kombeo, lakini mwenye kombeo hamtupii ndege alipo. Hutupa mbele, pale atakapokuwa, kisha mkono unapumzika. Ndivyo nilivyofanya. Nililenga mbele ya pikipiki, nikafyatua, nikatulia. Nilipiga hivyo mpaka filamu ikaisha, nikarudi mjini nikipiga mluzi.

Fundi Kihwele aliinua filamu iliyosafishwa kwenye mwanga wa dirisha. Aliitazama muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Hii ni picha ya uwanja," akasema. "Hii nayo uwanja. Hapa pana tairi la mbele. Hapa pana pipa, zuri, limetulia. Huyu ni mtu anakula muwa."

"Nilizilenga, fundi."

"Najua. Umezilenga kama ndege, zimeruka zote." Akaikunja filamu. "Kwenu mgeni akiaga, mnamwachia wapi?"

"Tunamsindikiza."

"Mpaka mlangoni?"

"Mlangoni ni aibu. Mpaka njiani, apotee kwenye kona."

"Na akija?"

"Tunamwona mbali, tunatoka kumpokea."

"Basi pikipiki ni mgeni. Usiivizie. Ipokee ikiwa mbali, tembea nayo, picha ipige mkiwa njiani pamoja. Ukishapiga usiiache hapo. Isindikize mpaka ipotee."

Nimesoma vitabu vya wataalamu tangu siku hiyo, na vina michoro. Sijakuta mahali palipoeleza vizuri kuliko hapo.

Nilifanya mazoezi bila filamu, maana filamu haikuwa ya kuchezea. Nilikwenda kwenye mteremko ulio chini ya jiwe la Gangilonga, ambako wauza maziwa walishuka na baiskeli zao, nikawapokea na kuwasindikiza asubuhi yote. Wengine walinisalimia. Mmoja aliniuliza kama shingo inauma. Nilijifunza kwamba miguu huelekezwa pale utakapofyatulia, si pale mgeni anapotokea. Kisha unajipinda kiunoni kurudi nyuma kumpokea, na mwili wenyewe unafunguka ukija naye. Nilijifunza kuweka umbali mapema kwa kutumia jiwe: unaweka jiwe njiani, unalitazama mpaka lionekane kali, ukishamaliza unaliondoa, wala usisahau kuliondoa, nawaambia. Kwa pikipiki nilijifunza kusikiliza. Mwendeshaji akikaribia kona hupunguza moto, mlio unashuka kidogo kama mtu anayevuta pumzi, na hapo ndipo pa kubonyeza.

Kati ya waendeshaji wa pikipiki za mashindano, mmoja alikuwa wetu. Lukas Nyenza, kijana wa Igowole, alikuwa fundi kwenye gereji ya Bwana Stavro, Mgiriki mkulima wa tumbaku. Pikipiki ilikuwa ya Stavro, lakini mgongo ulishamkatalia kuiendesha, na hakutaka iharibike kwa kukaa. Akampa Lukas. Siku ya kwanza Lukas alipopita mbele ya upande wetu wa kamba, hakuna aliyepiga kelele. Watu walisimama tu. Baba mmoja alivua kofia.

Habari zilifika Igowole kabla ya Lukas mwenyewe. Mama yake alikuwa mjane. Mume wake alikuwa ameuawa na lori la mbao lililoteleza kwenye mvua, naye hakutaka kusikia tena kwamba mtu wake amepanda chuma kinachokimbia. Akamwita mwanawe nyumbani. Aliporudi, Lukas alikuja studio moja kwa moja, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Amekataa?" nikamuuliza.

"Hajakataa. Nilimpelekea ile picha mliyonipiga hapa, nimeegemea pikipiki. Akairudisha." Akaitoa mfukoni. Picha nzuri, viatu vyote viwili. "Amesema, 'Huyu amesimama. Aliyesimama namjua. Niletee uso wako ukiwa unakwenda. Nikiuona nitajua kama unaogopa. Ukiwa unaogopa, utaacha.'"

"Nawe umesemaje?"

"Nimemwahidi. Akisema niache, naacha, namrudishia Stavro mashine yake." Akaigeuza kofia yake mkononi. "Kule gereji mimi ni 'lete spana'. Siku nzima, lete spana. Pale kwenye kona ndipo nilipo mtu. Sasa sikiliza, ndugu yangu, usiniletee uwanja."

Habari za uwanja zilikuwa zimeenea, kama mnavyoona.

"Utavaa miwani ile ya vumbi," Fundi Kihwele akasema kutoka nyuma ya pazia. "Macho hatutayapata."

"Nikiivua sioni kona, mzee."

"Basi zitabaki pua na mdomo. Mungu atusaidie na mdomo."

Siku ya mashindano yaliyofuata nilifika mapema, nikaweka jiwe langu kwenye kona ya mapipa, nikaweka umbali, nikaliondoa. Miguu niliielekeza. Pikipiki zilianza, nami nikazipokea zile za mbele bila kufyatua, ili mwili uzoee. Kisha nikamwona Lukas anatokea mbali, mdogo kama dudu kwenye majani. Nikampokea. Alikua ndani ya lile dirisha dogo, akakua, na jambo la ajabu likatokea ambalo sikuwa nimeambiwa: alisimama. Nilipokuwa ninakwenda naye sawasawa, yeye alitulia katikati ya dirisha kama mteja wetu wa studio, na dunia ndiyo iliyokuwa inakimbia. Mapipa yalikimbia, watu walikimbia, mlima wa nyuma ulikimbia. Tulibaki wawili tu, tumetulia. Mlio ukashuka kidogo. Nikabonyeza, nikaendelea kumsindikiza mpaka vumbi likamchukua.

Kila alipozunguka nilimpokea tena. Alimaliza wa pili. Sikuona nani alikuwa wa kwanza, na mpaka leo sijui.

Tulisafisha alasiri ileile. Chini ya taa nyekundu Fundi Kihwele aliteremsha karatasi kwenye beseni la dawa na kulitikisa polepole. Ilianza miti, lakini haikuwa miti, ilikuwa mistari mirefu kama maji ya mto. Kisha gurudumu, nyaya zake zimeyeyuka kuwa duara moja. Kisha vumbi, limeburuzwa nyuma yake kama mkia. Halafu uso. Niliona msuko wa kola yake, jasho chini ya miwani, na mdomo uliofunguka upande. Kwenye pembe ya mdomo ulitokeza ulimi.

Fundi Kihwele aliihamishia karatasi kwenye dawa ya kukazia, akanawa mikono, akarudi kuitazama tena.

"Mguu ni mmoja," akasema hatimaye.

"Wa pili uko upande wa pili, fundi."

"Najua uko wapi." Akatazama tena. "Uache."

Lukas alipoiona alifurahi mpaka alipofika kwenye mdomo. Hapo akaiweka mezani.

"Futeni huo ulimi."

Katika studio tulikuwa na penseli laini za kurekebishia sura. Tuliondoa makovu, chunusi, na mara moja mke wa zamani. Ulimi ungetuchukua dakika chache.

"Nahema kama mbwa," Lukas akasema. "Ataona hofu. Mzee, nakuomba, penseli kidogo tu."

Fundi Kihwele alizitazama penseli zake, kisha akamtazama yeye. "Mama yako ameomba uso wako. Nikishaufuta huo ulimi, tutakuwa tumempelekea uso wa nani?"

Lukas aliichukua picha mezani. Alimjua mama yake.

Tulikwenda Igowole wawili, Lukas na mimi, juu ya lori la magunia. Njia nzima alizungumza juu ya mambo mengine. Tulimkuta mama yake anapepeta maharage uani, mwanamke mwembamba mwenye kitenge kilichofuliwa mpaka kikakaribia kuwa cheupe.

"Kamwene, mama," nikasema.

"Kamwene. Ndiye wewe mwenye mashine?"

"Ndiye mimi, mama."

"Una miguu myembamba."

Aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akaichukua picha na kwenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Alitugeuzia mgongo. Lukas aliokota ungo akaanza kupepeta maharage, na maharage mengi yakaenda na maganda. Kuku walifurahi.

Mama alikaa pale muda mrefu. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, Lukas naye akadhani hivyo, maana alisimama. Mama alipogeuka alikuwa anacheka bila sauti, ameziba mdomo kwa kitenge.

"Bado anautoa," akasema.

"Nini, mama?"

"Ulimi. Alipokuwa mdogo alichonga baiskeli ya mti hapohapo unaposimama wewe. Kutwa nzima, ulimi nje. Nikimwita chakula, hasikii. Nikimpiga na kijiti, hasikii. Baba yake vilevile, akinoa shoka." Akaitazama picha tena, kicheko kikaisha taratibu. "Mtu anayeogopa hufunga mdomo. Huyu haogopi. Huyu yuko kazini kwake."

Lukas alikuwa bado ameshika ungo.

"Basi nenda," mama akamwambia. "Lakini huo ulimi uurudishe ndani. Ukipiga shimo utaukata, na mke utamposa kwa ishara."

Picha ile aliitundika ndani, karibu na msalaba, na alipotuaga alitusindikiza mpaka barabarani.

Msimu uliofuata kulikuwa na mashindano Mbeya, kwenye mlima uleule wa njia ya Chunya, na safari hii walikubali pikipiki. Nilirudi kwenye kona ile niliyokalia na mahindi yangu. Lukas alitokea bondeni, nikampokea, tukaja pamoja, akatulia kwenye dirisha langu, midomo ameifunga kabisa kama mtoto mbele ya mchungaji. Nikabonyeza. Nikaendelea kumsindikiza, kama nilivyofundishwa, na alipokuwa amenipita, karibu kumezwa na kona, nikauona ulimi unatoka polepole na kukaa mahali pake.

Picha ilikuwa safi kuliko ya kwanza. Mwanga ulikuwa bora, na umbali niliupata sawasawa. Nilimpelekea mama yake mwenyewe, nikijivuna. Aliitazama hapo uani, hata mlangoni hakwenda, akanirudishia.

"Nzuri," akasema. "Lakini hapa alikuona."

Hiyo ndiyo iliyo ukutani kwenu.